Binti Niliyemlea Ameniua Kwenye Kitabu Chake

Admin, naomba jina langu ulifiche, na kijiji pia usikitaje.

Naandika leo Jumapili, kipupwe kimeanza. Ni mwaka wa kumi na saba tangu niteremke kutoka milima ya Uluguru na kuja kuishi huku Kigoma. Nina miaka sabini na minne, ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nimefiwa na mke. Sina ugomvi na mtu. Nina kitabu kimoja tu mezani, na nimekisoma mara tatu.

Kilikuja kwa basi wiki tatu zilizopita, kimefungwa kwenye gazeti. Ni riwaya ya msichana anayekulia kwenye malezi ya kambo, yaani analelewa na familia zisizo zake, akihamishwa nyumba hadi nyumba kwa barua za ofisi ya ustawi wa jamii. Nyumba ya kwanza iko mlimani. Baba wa nyumba ile ni mwalimu, anamfundisha kusoma kwa magazeti ya kufungia mboga. Siku moja anateremka mjini kumnunulia viatu vya shule, anaugua njiani, anafariki. Ndipo msichana anarudishwa ofisini, na mateso yake yanaanza.

Mwalimu yule ni mimi. Sikufa.

Mwandishi nitamwita Asteria, ingawa si jina lake. Mama yake alitoka mkoa wa mbali kuja kukata miwa Turiani, akafariki bila kumwambia mtu kwao ni wapi. Mtoto aliletwa kwetu akiwa na miaka tisa, maana mimi na mke wangu hatukujaliwa kuzaa. Miaka mitatu baadaye mke wangu naye akafariki, tukabaki wawili. Asubuhi tulimwagilia liki na kabichi kabla ya kwenda shule. Jioni alinisomea gazeti wakati napika. Akikosea neno alikuwa ananitazama kwanza, kuona kama nimesikia.

Asiyeujua Uluguru huenda asielewe kilichofuata. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na ardhi pia inafuata mama. Shamba nililolima lilikuwa la ukoo wa mke wangu, mimi nilikuwa mkwe tu. Asteria alipovunja ungo, akiwa na miaka kumi na minne, ilipasa awekwe ndani kama mwali, kisha atolewe kwa ngoma, wanawake wakiuimba ukoo wake. Ukoo gani? Wanawake walikuja nyumbani kujadiliana. Dada mkubwa wa marehemu akasema, "Basi tumwimbie ukoo wa miwa, si huko alikookotwa?" Wakacheka. Asteria akaingia na maji ya kunywa, akawakuta wanacheka, naye akacheka.

Kesho yake akaja shemeji yangu, kaka wa marehemu, msimamizi wa ardhi ya ukoo. Si mtu mbaya. Alikaa, akakataa uji.

"Mwalimu, angekuwa mvulana nisingesema neno. Mvulana analima, akifa shamba linarudi. Huyu tukimtoa mwali hapa, tumempokea kwenye ukoo. Ardhi tumempa yeye na wajukuu wa wajukuu zake. Dada zangu hawatakubali."

"Shemeji, marehemu dada yako alimwita huyu 'mwanangu'."

"Ni mtoto wa karatasi. Wewe kaa hapa mpaka tukuzike ubavuni kwa dada yangu, hakuna atakayekugusa. Yeye hapana. Chagua."

Msinionee huruma hapo. Nilikuwa na mshahara. Ningeweza kuomba uhamisho, nikapanga vyumba viwili Morogoro Mjini, tukaishi. Lakini nilitazama mfereji wa maji niliouchimba mwenyewe, matuta yangu, na kaburi la mke wangu nyuma ya nyumba. Nikachagua shamba.

Nikamwambia, "Kesho tunashuka mjini, ukapime viatu vya shule." Akavaa gauni la kanisani. Njia nzima nilimbebea furushi lake la nguo, naye hakuuliza viatu na furushi vinahusianaje. Kule ofisi ya ustawi wa jamii, nilipokuwa natia sahihi ya kumrudisha, aliniinamia sikioni: "Baba, viatu tunanunua kabla ya kula au baadaye?"

Nikasema, "Baadaye." Kisha nikatoka kama mtu anayekwenda msalani.

Shamba lenyewe nililikalia miaka miwili tu. Kila nilipoipita ile njia nilisikia swali lile. Nikahama.

Ndani ya kitabu kulikuwa na barua. "Shikamoo, Baba. Namba yako nimepewa parokiani. Nisamehe, humu nimekuua. Nilijaribu kuandika ulivyoniacha pale ofisini, mkono ukagoma. Kitabu kinachapwa tena, na safari hii nataka niandike ilivyokuwa, lakini sababu siijui. Miaka yote nimeamini ni ile miche ya liki niliyosahau kuimwagilia, ikakauka. Ndiyo hiyo, Baba? Njoo Morogoro tukae pale kaburini kwa Mama, unieleze. Sitakulaumu."

Miche. Mimi hata siikumbuki.

Nimeanza kumjibu mara nne, nikachana. Nikimwambia ukweli ataacha kujilaumu, lakini atampoteza yule baba wa kitabuni aliyekufa akimfuatia viatu, na ndiye baba pekee aliyebaki naye. Nikinyamaza, atazeeka akiamini alifukuzwa kwa ndoo moja ya maji. Ninyi mliolelewa na wasio wazazi wenu, nawauliza hasa ninyi: mngetaka kujua? Nimwandikie kwamba nilimbadilisha na shamba, au nimwachie marehemu wake? Nitasoma kila mtakachoandika.

Ila msinishauri niende nikamwambie ana kwa ana. Pale anapotaka tukae ndipo nilipopachagua badala yake. Sitarudi.