Mzabibu wa Mpangaji

Mpangaji hapandi mti. Sheria hiyo haikuandikwa popote, lakini mtaani kwetu, pembezoni mwa Dodoma, pale lami ilipokoma na vumbi likashika usukani, hakuna aliyekuwa haijui. Mpangaji alipanda mchicha, matembele, bamia, vitu vya kuliwa vikaisha. Mti unaodumu ulikuwa wa mwenye kiwanja, maana anayesema leo huu mti wangu, kesho atasema hiki kivuli changu, na keshokutwa atasema hii ardhi yangu. Kwa hiyo siku baba mwenye nyumba wetu alipomruhusu mama yangu kupanda mzabibu uani, wapangaji wenzetu waliangaliana. Mama alielewa, na mimi nilielewa. Tulikuwa tumeambiwa tukae.

Baba yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mama alitegemea tungerudishwa kwao Kibakwe na mabunda yetu. Mwenye nyumba, mzee wa Kigogo mwenye masikio yaliyotogwa na maneno machache, hakutamka habari ya kuhama wala ya kukaa. Alikuwa mtu wa kudai kodi kwa kukohoa tu mlangoni, na mwezi wa msiba hakukohoa. Mama alipomwonyesha kipande cha mche alichopewa na mfanyakazi wa shamba la zabibu, mzee alikitazama, akaonyesha kwa fimbo mahali penye jua. "Weka pale," akasema. "Utapata njia ya kwenda juu."

Mama aliumwagilia kwa maji ya kusuuzia vyombo, kwa sababu Dodoma maji hayamwagwi mara moja tu. Ulipanda. Baada ya miaka michache ulikuwa umefunika kichanja kilichoshika nusu ya uwanja, na chini yake ndiko tulikopika, tulikochambua mlenda, tulikosukana nywele. Kishada cha kwanza kila msimu kilikwenda kwa mzee kwenye sahani yenye kifuniko. Mama alikipeleka yeye mwenyewe, kwa kupiga goti, na mzee alikipokea kwa mikono miwili. Mimi nilikwenda chuo cha ualimu nikarudi, nikapangiwa shule ya hapo hapo mtaani, na mama akapata jina jipya. Akawa Mama Mwalimu.

Kisha ikaja enzi ya kila kitu ruksa. Duka la ushirika likafungwa, mahali pake pakauzwa mitumba. Watu waliopunguzwa kazi serikalini wakafungua vibanda vya soda. Sikatai, tulipata sabuni, tulipata sukari bila kupanga foleni, na mimi nilinunua viatu vya kwanza vilivyonitosha. Lakini jirani yetu kulikuwa na uwanja wazi ambapo watu walipura mtama na uwele baada ya mavuno, na asubuhi moja tukaukuta umechomekwa vigingi vyenye vichwa vyekundu.

Mkutano wa mtaa uliitishwa katika darasa langu, darasa la tatu. Watu wazima walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti karibu yaguse videvu. Mbele, kwenye meza yangu, alikaa mwenyekiti wa mtaa, na pembeni yake msimamizi wa ujenzi, kijana nadhifu aliyetumwa na tajiri ambaye hatukuwahi kumwona uso wake. Msimamizi akasimama. "Ndugu wananchi, hapa zinajengwa fleti za kisasa, ghorofa tatu. Wengine wanayafuata maendeleo. Ninyi yamewafuata mlangoni." Watu wakapiga makofi. Mpaka leo sijui tulikuwa tunampigia nini.

Mama mmoja wa makamo aliyekuwa akiuza karanga akainua mkono. "Mwanangu, ghorofa tatu ni juu sana. Na bafu zetu hazina paa. Sasa hao watakaokaa huko juu, sisi tukiwa tunaoga, wao watakuwa wanaangalia wapi?"

Darasa likaangua kicheko. Msimamizi naye akacheka kwa adabu. "Mama, watakaokaa humo ni watu wazito. Waheshimiwa wabunge, watu wa miradi. Hawana muda wa kuchungulia."

"Macho hayana mheshimiwa, baba," akajibu yule mama, akaketi. Hilo ndilo lilikuwa swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa, na halikujibiwa.

Nikasimama mimi. "Kodi ya hizo fleti itakuwa kiasi gani?"

Watu wakanigeukia kama walioona mtu akitema mate sebuleni. Sikuwa mgeni, nilijua nilichofanya. Kwetu mtu anayejenga hupewa pole na kazi. Huulizwi na jirani utafaidi nini kabla bati halijapanda, hiyo ni husuda. Mwenyekiti akatikisa kichwa. "Mwalimu, hilo ni la mwenye mali. Mtu hajaezeka, unamuuliza kodi?"

"Mwalimu anataka kuhamia ghorofani!" akapaza mtu wa nyuma, na kicheko kikaanza upya.

"Siulizi ili nihamie," nikasema. "Nauliza kwa sababu kodi ya jirani huambukiza kama upele."

Wakaniambia nikae. Nikakaa. Mkutano ukaomba mambo mawili: vijana wa mtaa wapewe kazi ya ulinzi, na bomba moja litolewe nje ya ukuta. Yote yakakubaliwa papo hapo, na hapo ndipo nilipoingiwa na hofu ya kweli, maana mtu anayekubali haraka hivyo ujue umemwomba makombo.

Nyumbani nilifoka mpaka mama akaniwekea kikombe cha chai mkononi ili ninyamaze. Hakunisikiliza. Ulipoanza msingi, maji ya mkokoteni yalipochelewa, mafundi walikuja kuomba kwake, na mama akawafungulia pipa letu, tulilolijaza kwa kumlipa mtu wa punda. Nikamwambia, mama, unawasaidia watu wanaokujengea matatizo. Akanitazama kana kwamba sikulelewa na yeye. "Anayejenga hanyimwi maji," akasema. Majirani wote walifanya vivyo hivyo. Malori yalikata njia kwenye viwanja vyao na wao wakahamisha kamba zao za nguo ili yapite vizuri. Nilitamani kuwatikisa mabega mmoja mmoja.

Fleti zikaisha. Zilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Nyeupe, zenye baraza za vyuma na madishi juu ya paa. Waliohamia walikuwa watu wa kawaida tu, wenye salamu, ila walikuja na magari vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi, kwa hiyo salamu zao tulizipata kwa kuinuliwa vidole. Wanawake wa mtaa wakaanza kuoga alfajiri, au wamejifunga khanga chini ya maji, kama wanaooga mtoni. Ikasemwa kwamba kule juu kodi hulipwa ya mwaka mzima, tena kwa dola. Sikujua kama ni kweli. Haikuhitaji kuwa kweli. Ilitosha wenye nyumba wa mtaani kuisikia.

Hawakuwa watu wabaya. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu ningepata wabaya ningejua pa kuelekeza hasira. Walikuwa watu tuliozikana nao. Mmoja akaambiwa na shemeji yake kwamba chumba chake ni dhahabu, akapandisha. Wa pili akaona aibu kubaki chini. Muuza karanga alikuwa wa kwanza kuhama, akaenda ng'ambo ya reli. Akafuata fundi cherehani, akafuata mwalimu mwenzangu na wanawe. Kila Jumamosi kulikuwa na mkokoteni wenye kitanda kilichopinduliwa, miguu juu. Watu walisimama kando ya njia wakisema, "Basi tutaonana." Tulikuwa hatuonani. Mtu aliyehamia ng'ambo ya reli hurudi mara ya kwanza kusalimia, mara ya pili kuchukua sufuria aliyoisahau, basi.

Mwenyekiti alipoambiwa aitishe mkutano mwingine alisema mali ya mtu haijadiliwi. Nikamuuliza, mbona tulijadili bomba? Akaniambia, "Mwalimu, wewe una maneno." Kweli nilikuwa nayo. Ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho.

Mzee wetu hakupandisha kodi. Aliendelea kukohoa mlangoni kama zamani, akipokea kile kile. Mama akaniambia, unaona? Nikaanza kuona aibu kwa wasiwasi wangu. Kisha akaja mwana wa kwanza wa mzee, aliyekuwa na biashara Dar es Salaam. Alinisalimu vizuri, akamwamkia mama shikamoo, akasimama katikati ya uwanja akatazama juu kwenye fleti, kisha akatazama bati letu, kama mtu anayejaribu shati lililombana. Aliondoka siku ile ile. Baada ya wiki chache tukasikia, si kwa mzee bali dukani, kwamba kiwanja kimepata mnunuzi anayetaka kuendeleza maghorofa. Wapangaji wenzetu wa uani wakaanza kuhama mmoja mmoja.

Nilikuwa na mwanachuo mwenzangu aliyeacha ualimu akaenda kufanya kazi ya mambo ya ardhi. Nilimfuata, nikamweleza yote, mpaka habari ya mzabibu. Yeye alishika hapo hapo. "Ameupanda mama yako? Kwa ruhusa ya mwenye kiwanja, na watu wanajua? Basi usiguswe. Mthamini akija akaukuta, lazima aulize ni wa nani. Akishauliza, mama yako hatolewi kimyakimya. Watakaa naye, watamsikiliza, watampa muda."

Nilirudi nyumbani nikitembea kama niliyeshinda kesi. Nikamketisha mama chini ya kichanja nikamweleza taratibu, kama ninavyowaeleza watoto hesabu za kutoa. Nikamwambia mzabibu huu ndio mdomo wetu. Usikatwe jani. Mama alikuwa akichambua mchele, akasema amesikia. Mama akisema amesikia, huwa amesikia tu, hajasema zaidi ya hapo. Nilipaswa kuikumbuka tabia hiyo.

Asubuhi moja, nimeshavaa nguo za shule, mzee alikuja mlangoni kwetu akabisha hodi. Alivua kofia, jambo ambalo sikuwahi kuliona akilifanya mbele ya mtu mdogo kwake. Mama alimwamkia, akamsogezea kigoda.

"Mama Mwalimu," akasema, "nimekuja na aibu yangu."

"Karibu nayo, baba."

"Kijana anasema watu wanakuja kupima. Anasema wakiukuta mzabibu wako, nitaonekana nauza kitu cha watu wawili na kusema ni cha mmoja. Nitaitwa mwongo kwa uzee huu. Alitaka kuukata jana na panga. Nimemkataza. Nilikuambia panda, mkono wangu hauwezi kukata, wala mkono wa mtoto wangu. Nakuomba uutoe wewe."

"Mama, usijibu," nikasema.

"Mzee hajamaliza kusema," mama akaniambia bila kugeuka.

"Nimemaliza," akasema mzee.

Nilimgeukia. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko chumba. "Mzee, nakuheshimu, lakini unajua unachomwomba? Unajua akiutoa hana tena pa kusimama hapa?"

"Najua, Mwalimu," akasema. "Ndiyo maana sikumtuma kijana."

Nikamwambia mama kila nilichoambiwa na mwanachuo mwenzangu, mbele ya mzee, bila kuficha. Nikamwambia kule ng'ambo ya reli hajui mtu. Nikamwambia heshima haina chumba wala bati. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani. Kisha akasema, "Aliponiruhusu hakuniandikisha popote. Aliniambia kwa mdomo, na mdomo huo ukatutunza miaka yote hii. Leo mdomo huo huo unaniomba, nami nianze kuudai ushahidi?"

Hilo ndilo lililonichoma, na linanichoma hadi leo ninapoandika. Kama mzee angekuwa mkorofi, mama angepigana. Namjua, alishawahi kumtoa mbio mgambo wa soko kwa mwiko. Lakini mtu aliyemtendea wema hakujua namna ya kumkatalia, na watu waliomzunguka mzee huyo walilijua hilo vizuri sana.

Akachukua jembe. Mzee akashika matawi ili yasimwangukie, akawa anayafungua kwenye kichanja moja moja, polepole, kama yatapandwa tena. Shina lilikuwa nene kama mkono wangu. Mama alichimba, akapumzika, akachimba. Kichanja kilipobaki kitupu jua likaingia uwanja mzima, mpaka kwenye milango ya vyumba vilivyokuwa havina watu. Juu kwenye baraza ya fleti mtu mwenye kikombe alisimama akatutazama, kisha akaingia ndani.

Shina likang'oka. Mama akalilaza kando, akapangusa mikono kwenye khanga, akatazama lile shimo kwa uso wa mtu aliyevunja sahani ya ugenini.

"Unisamehe, baba," akamwambia mzee. "Nimekuharibia uwanja, na wageni wako wanakuja."

Mama akanigeukia, akasema nyuma ya ukuta wa fleti kuna kifusi kilichobaki, nikachote tumsawazishie mzee uwanja. Kengele ya shule ilikuwa imeshalia. Nilisimama pale nikisubiri mmoja wao aseme neno lingine, lolote. Kisha nikachukua karai, nikaenda.