Njia ya Ngoie Kwenye Mlima wa Kundelungu

Niliondoka Élisabethville kwa sababu ya njia. Ngoie, mdogo wetu wa mwisho, ameolewa juu ya mlima wa Kundelungu, na mwezi wa nane alituma habari kwamba siku zake za kujifungua zimekaribia. Dispensari iko chini ya mlima, na mvua zilikuwa zimebomoa njia ya kuteremkia. Mama yetu alifariki akimzaa Ngoie. Baba alikuwa ametangulia, nami, mkubwa, niliacha shule nikaingia kazi ya reli ili niwalee wadogo zangu. Sasa niliomba ruhusa ya wiki mbili.

Alfajiri ya Jumatatu nilipanda lori linalokwenda Kasenga kuchukua samaki. Nilikalia masanduku matupu, sururu yangu magotini. Alasiri dereva alinishusha njia panda, nikalala kijijini hapo.

Jumanne nilipanda mlima, mahali pengine kwa kutambaa. Juu nilimkuta Ilunga, mume wa Ngoie, pamoja na majirani wanne. Jirani mmoja aliitazama sururu.

“Bula Matari amekutuma?” Ndivyo tulivyoiita serikali.

“Apana. Nimejituma mwenyewe.”

“Basi uko mujinga sawa siye!” Wakacheka, wakaenda kuchukua majembe.

Kuanzia Jumatano tulifanya kazi siku nne. Niliongoza mimi, maana reli imenifundisha mawe. Tulichimba mifereji ya maji, tukapanga ngazi za mawe makubwa. Jumamosi jioni niliziangalia, nikajisifu.

Jumapili baada ya sala, Ngoie alikuja kuzijaribu. Alinyoosha mguu kwenye ngazi ya kwanza, akaurudisha.

“Yaya, hii njia umetengenezea nani?” Kwetu yaya ni ndugu mkubwa.

“Wewe.”

“Mi? Na hii tumbo? Mi siko mbuzi, yaya.”

“Tutakubeba ku kipoyi,” alisema Ilunga. Hicho ni kiti kinachobebwa mabegani.

“Na bale banabeba bakiteleza?”

Nilishuka ngazi zangu peke yangu, ndipo nikaona kosa. Nilikuwa nimezipanga kama tunavyotembea kazini, tukiruka kutoka taruma moja la reli hadi jingine. Ilikuwa hatua yangu, si yake.

Jumatatu tulibomoa. Ngoie alitembea polepole mbele ya nyumba, nami nikakata kijiti kwa urefu wa hatua yake na kingine kwa kimo cha mguu wake anapouinua. Kila jiwe lilipimwa kwa vijiti hivyo. Majirani walinung’unika, lakini walikuja hadi Alhamisi.

“Huyu mutoto akikomaa, atatulimia mashamba yote!” alisema yule jirani aliyeniuliza habari za Bula Matari.

Ijumaa tuliteremka, Ilunga mbele, mimi nyuma. Kwenye mteremko mkali kuliko yote Ngoie alisimama, nikamshika bega.

“Yaya, uniache. Ukinishika, mi naogopa.”

Niliondoa mkono. Ilikuwa kazi ngumu kuliko mawe yote. Alishuka ngazi moja, akapumzika, akashuka nyingine. Adhuhuri tulifika dispensari.

Jumamosi asubuhi, kabla lori la kurudi Élisabethville halijapita, alijifungua mtoto wa kike. Wote wawili wazima. Nilimbeba mtoto kidogo, nikaondoka.

Njiani niliwaza kwamba wadogo zangu wote nimewalea kwa hatua yangu. Nilipofika nyumbani, nilimwita Kabwe, anayenifuata, niliyemwingiza reli bila kumwuliza.

“Kabwe, wewe ulitaka kazi gani?”

“Yaya,” alisema, “uko mugonjwa?” Kisha akavuta kiti, akakaa, akaanza kunieleza.