Eti nimlete mume wangu ndiyo mashine ya gemu iwashwe

Nina hasira kweli kweli!

Leo hapa Katoro nilikwenda kumnunulia mume wangu mashine ya gemu ya mkononi, ile inayocheza gemu za zamani alizozipenda utotoni. Ndoa bado mbichi, jamani, nataka acheke kila siku!

Nikamwomba muuzaji aiwashe nijaribu.

"Dada, hizi gemu za wanaume. Mlete mumeo, nitamwashia."

Nikamjibu, "Huku kwenye machimbo hata dhahabu inapimwa mbele ya mwenyewe, sembuse hii plastiki?"

Akacheka! Akaendelea kutafuna karanga!

Nikampigia mume wangu, zawadi ya kushtukiza ikafia hapo. Alipofika tu, muuzaji akawasha. "Karibu kaka, jaribu."

Mume wangu (nampenda huyu mwanaume!) akanikabidhi mimi. "Jaribu, mke wangu. Wewe ndiye mnunuzi."

Nikaanza na gemu ya magari, gari likakwama kona ya kwanza. Kwenye gemu ya mpira, mchezaji akaganda mguu hewani.

Kumbe mashine yenyewe mbovu!

Nikairudisha mezani. Muuzaji akamgeukia mume wangu, "Kaka, ongea na mama."

"Ameshaamua. Twende, mpenzi."

Ila hasira haijaisha. Mnaojua, mashine gani inacheza gemu za zamani bila kukwama?

Na mnijibu mimi, siyo mume wangu!