Saning'o Aliyeitikia Yowe

Oldonyo Sambu, upande ule wa Mlima Meru ambako mvua huja kwa kubembelezwa, kuna sheria moja ambayo hakuna aliyewahi kuiandika: ukisikia yowe, unakimbia. Huulizi nani kapiga wala kwa nini, maana ukianza kuuliza, ng'ombe wameshavuka korongo. Mwanamume aliyesikia yowe akabaki nyumbani alitozwa dume la kondoo, na nyama yake ikaliwa mbele yake huku akitaniwa mpaka mkewe akaona haya.

Saning'o aliijua sheria hiyo kwa mgongo wake. Alikuwa na miaka kumi na minne yowe lilipopigwa boma la jirani alfajiri moja, naye akachelewa kwa kuwa alikuwa anatafuta kiatu kimoja cha tairi. Alipofika, kazi ilikuwa imekwisha. Wezi wawili walikuwa chini, mmoja amevunjwa taya, mwingine haijulikani kama anapumua, na wazee wanafuta marungu yao kwenye majani. Baba yake, mzee Lemomo, alimchapa pale pale mbele ya watu mpaka fimbo ikapasuka. "Mwenzako anakufa, wewe unavaa viatu?" Tangu siku ile miguu ya Saning'o ikajifunza kuondoka kabla ya kichwa. Tusiwe wepesi wa kumlaumu Lemomo. Bila sheria ile wangebaki na fimbo bila ng'ombe wa kuchunga.

Ukubwani alishuka Arusha mjini, akajifunza kuchomelea mageti, akaingia kwaya ya Kilutheri, akapata wito. Nao wito ulimpeleka kwenye chuo kidogo cha wamisionari, kule chini ya Daraja Mbili: vyumba vitatu, kanisa la mabati, na lundo la matofali ya darasa ambalo lingejengwa Bwana akijalia. Wanafunzi walikuwa sita. Walikuwa wanaandaliwa kwenda Rwanda, kuwahudumia yatima kwa miaka miwili, na masharti yalikuwa kwamba hakuna anayepanda basi kabla hajajifunza historia ya nchi anayokwenda.

Wao walidhani historia ni majina ya wafalme na milima. Wakakutana na Mwalimu Hedwiga, Mchaga wa Marangu, mama wa miaka sitini na kitu, ambaye kwa miaka kumi na mmoja alikuwa anachapa ushahidi katika ile mahakama ya kimataifa iliyokaa hapa hapa Arusha kusikiliza kesi za mauaji ya mwaka tisini na nne. Mama huyu hakuyaonea huruma masikio ya mtu. Aliwaeleza vizuizi vya barabarani, na vitambulisho vilivyosomwa kabla ya panga kushuka. Aliwaeleza makanisa yaliyovunjwa milango watu wakiwa ndani wanasali. Aliwaeleza jirani aliyeazima chumvi Jumatatu, na Alhamisi akarudi mlango ule ule na wenzake. Sifaeli, msichana mpole kuliko wote darasani, alitoka nje kutapika, akarudi, akakuta somo linaendelea.

"Mwalimu, yote haya ya nini?" Solomoni, kiongozi wa darasa, aliuliza siku moja. "Si tunakwenda kulea watoto tu?"

"Watoto mtakaowakuta hawakuwa wamezaliwa," Hedwiga akamjibu. "Lakini wamelelewa na waliobaki. Huwezi kumfuta mtoto machozi kama hujui yalianzia wapi."

Hapo ndipo Saning'o aliposimama. Alisema kwa heshima zote, lakini alisema kwa sauti. "Mwalimu, sisi Watanzania hatuwezi kufika huko. Mtu atamuuaje jirani yake mchana kweupe?" Wenzake wakaitikia amina. Hedwiga akafuta ubao.

Jumanne ya wiki ya mwisho, zikiwa zimebaki siku mbili waondoke, walikuwa wametoka kunywa chai. Saning'o ameshika kikombe. Yowe likapigwa mtaa wa nyuma: "Mwizi! Mwizi huyooo!"

Kikombe kilianguka. Saning'o hakumbuki kuruka ukuta, hakumbuki kuokota kipande cha tofali. Alichokumbuka baadaye ni mgongo wa mwanamume mwembamba anayekimbia na mtungi wa gesi begani, na jinsi yeye, fundi wa mageti, mtu wa kwaya, alivyowapita vijana wote wa bodaboda kama wamesimama. Alimfikia wa kwanza, akampiga ngwala. Mtungi ukabingirika ukalia kwenye mawe. Yule mtu akageuka, mikono usoni, na Saning'o akamshushia lile tofali upande wa sikio.

Kisha wengine wakafika. Nondo ikaja, na jiwe la kushindilia barabara, na mama mmoja muuza chakula akaja mbio na mwiko wake mkubwa wa ugali, akampiga nao mdomoni. Meno yaliruka, mtu akacheka. Yule mtu alikuwa anapiga kelele moja tu, damu ikimtoka: "Mtoto wangu anatoka shule saa nane! Jamani, anatoka saa nane!" Sauti ikamjibu kutoka nyuma, "Mwongo!" na nondo ikashuka tena, mara hii kwenye goti, na goti likaenda upande ambao goti haliendi. Alijaribu kutambaa kwa viwiko. Kijana wa bodaboda alikuwa ameshaleta tairi, mwingine petroli kwenye chupa ya maji, lakini hata hawakuhitaji. Alikuwa amekufa. Gari la polisi liliposikika, ule uwanja wa watu mia ukabaki na maiti, mtungi na ndala moja.

Wanne kati ya wale sita walirudi darasani wakihema. Hedwiga alisimama mlangoni, akaangalia mashati yao mmoja mmoja.

"Mwizi ni mwizi, Mwalimu," Solomoni akasema.

Saning'o alikuwa anatazama vumbi jekundu kiganjani mwake. "Mimi nilipiga mara moja tu," akasema.

Hedwiga alikaa chini kama mtu aliyekatwa miguu. "Miaka kumi na mmoja," akasema, "sentensi hiyo nimeichapa mpaka vidole vikaota sugu. Kila mtu alipiga mara moja tu. Sijawahi kuchapa aliyesema alipiga mara mbili."

Saning'o alitaka kulia lakini aibu ilikuwa kubwa kuliko machozi.

Mchungaji Gadiel, mkuu wa chuo, aliwaita jioni ile ile. Alikuwa mtu mwema mwenye hofu, na hakuna mwenye madhara kama huyo. Alisema wamwombee marehemu, wauombee mtaa, jambo hili lisitoke nje ya uzio, na basi la Kigali ni Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi. "Yatima wanawangoja," akamaliza. Solomoni akafunga kwa sala ndefu.

Jumatano mtaa mzima ulikuwa umeshajua marehemu ni nani. Godwin, mwana wa Bibi Ndeshi, yule Mchaga wa Rombo anayeuza ndizi mbivu. Mwizi alikuwa kweli. Mtungi ulikuwa wa watu. Mkewe alifariki mwaka juzi akiacha binti wa miaka sita, Hope. Saning'o alisikia habari hizo akinunua sabuni, na neno lililomkaa kooni lilikuwa lile alilolisoma miezi mitatu: yatima. Anavuka mpaka wa nchi kuwatafuta, na hapa nyuma ya ukuta wa chuo ametengeneza mmoja kwa mkono wake.

Alikwenda msibani. Tusimpambe, alisimama kwanza kwenye kona nusu saa nzima, akitamani yowe jingine lipigwe popote apate pa kukimbilia.

Uani palikuwa na mabenchi, turubai la bluu na sufuria kubwa ya makande ya wafiwa. Aliyekuwa anakoroga ni yule mama wa mwiko, na mwiko ulikuwa ule ule. Alimwona Saning'o, akainamisha uso kwenye moshi. Kijana wa tairi alikuwa anagawa maji ya kunawa. Alimvuta Saning'o pembeni kwa mkono wa shati.

"Oyaa, mtumishi, usituletee. Kesho si una safari? Nenda zako Kigali."

"Nataka kumwona mama."

"Ukijitaja utatutaja na sisi. Ukitutaja, hutafika hata stendi. Unanielewa?"

Alimwelewa vizuri sana. Akautoa ule mkono kwenye shati, akaingia ndani.

Bibi Ndeshi alikuwa amekaa kwenye godoro lililotandikwa sakafuni, mjukuu amelala mapajani mwake na sare ya shule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa pale chuoni, wa kanisa? Karibu. Mwombee huyu mtoto."

Ingekuwa rahisi. Mkono juu ya kichwa cha mtoto, maneno mawili matatu, amina, na alfajiri basi. Saning'o alipiga magoti, na mkono wake haukunyanyuka.

"Mama, mimi ndiye niliyemwangusha. Nilimpiga na tofali. Mimi ndiye wa kwanza."

Ndeshi alimweka mtoto pembeni taratibu, asiamke. Kisha akavua ndala yake akaanza kumpiga. Alimpiga usoni, shingoni, mdomoni, bila kupiga kelele hata moja, anahema tu, mpaka ukanda wa ndala ukakatika, akaendelea kwa ngumi zake za kizee. Alimrarua shavu kwa kucha. Saning'o hakujikinga. Damu ilimdondokea kwenye shati jeupe la safari, na alipoishiwa nguvu yule mama alibaki amemshika kola, paji la uso likigusa kifua chake.

"Alisema nini?" akanong'ona. "Nimemuuliza kila mtu. Kila mtu ananiambia hakuwepo. Mwanangu alisema nini?"

"Alisema mtoto anatoka shule saa nane."

Ndeshi akatoa mlio mdogo. "Alikaa getini mpaka saa kumi na mbili," akasema. "Mwalimu wake ndiye aliyenipigia. Nikamtukana Godwin njia nzima, nikisema amekwenda kulewa."

Akajifunga kanga kiunoni, akamwamsha mtoto, akambeba mgongoni. Ndala ilikuwa imekatika, akatoka peku. Walipita katikati ya mabenchi, bibi mbele, Saning'o nyuma na uso wake uliovimba, na mazungumzo yote yakakatika. Kijana wa tairi alisimama, akawafuata hatua kumi kisha akakata tamaa, maana watu barabarani walikuwa wanatazama, na kwa mara ya kwanza kutazamwa kulimtisha.

Kituo cha polisi, afande wa kaunta alifungua kitabu, akamwangalia yule kijana anayevuja damu, akamwangalia bibi aliye peku.

"Mama, huyu ni nani wako?"

"Si wangu," Ndeshi akasema. "Afande, tangu jana nimegonga milango ya mtaa mzima. Wakati mwanangu anauawa, wote walikuwa sokoni, wote walikuwa wamelala, wote walikuwa Moshi. Huyu ndiye peke yake aliyekuwepo. Mwandike."