Neno Walilomwitia Bibi

Juzi nilitoka dukani Gongoni nikasahau mwavuli wangu. Kijana wa dukani akaniita, "Hei!" Hakuwa na ubaya, lakini niligeuka na uso uliomtisha, nikanyakua mwavuli bila hata asante. Ndugu yangu, hasira ile haikuwa ya kijana.

Nilikulia Puge, enzi za Mwingereza. Kwa bibi mzaa baba, "hei!" lilikuwa neno la mbuzi. Wakiingia kwenye mihogo tuliwapigia kelele hizo mpaka koo likauke. Binadamu alisalimiwa. Hata mgomvi wako ulimsalimu kwanza, ndipo mgombane. Shule ya misheni mwalimu alitufundisha kwamba Waingereza wana "hei" ya kumwita rafiki, ya kushangaa, hata ya furaha. Labda. Hizo waliziacha kwao. Sisi walituletea ya kusimamisha, ya kufukuza na ya kunyamazisha.

Mwaka mmoja shangazi aliolewa Tabora. Bibi alijaza kibuyu asali ya miyombo, nyeusi, inayonukia moshi, tukashika njia ya zamani ya misafara: yeye mbele na kibuyu kichwani, mimi binti mdogo nyuma na kikapu cha karanga. Asubuhi moja, karibu na mji, tulifika kituo cha mbung'o. Hapo kila msafiri alisimama, mlinzi akawanasa kwa wavu mbung'o waliomganda, wasiingize malale mjini. Mlinzi alitukagua, akaturuhusu, tukaondoka.

"Hei!" mzungu msimamizi alipaza sauti kutoka kibandani. "Hei!"

Bibi hakugeuka. Kwani alikuwa mbuzi? Mzungu akaja mbio, akamvuta bega. Kibuyu kikaanguka, kikapasuka, asali ya harusi ikanywewa na vumbi.

Bibi aliokota ngata yake, akaikung'uta. Kisha akamtazama yule mtu usoni, akamsalimu kwa Kinyamwezi: "Mwangaluka."

"Anasema nini?" mzungu akamuuliza karani wake, mtu wa kwetu kabisa.

"Anaomba radhi, bwana."

"Hakuomba radhi!" nikapiga kelele. "Amekusalimu!"

"Hei!" mzungu akanikemea mimi sasa, akatuonyesha pa kukaa. Tulikaa pale juani mpaka alasiri, tukitazama nyuki wakijaa kwenye vigae vya kibuyu. Neno langu lile silijutii hata leo.

Harusini tulifika na karanga tu, watu wameshakula. Shangazi alilia. Bibi akasema tu, "Mwanangu, nikisharudi nyumbani, mimi njia ile sipiti tena."

Na kweli hakupita. Shangazi alipojifungua akamwita, bibi akajibu, "Mleteni mjukuu wangu huku." Akatengeneza ngozi laini ya kumlaza mtoto, akawa anaianika kila jua likitoka. Lakini mume wa shangazi alifanya kazi ya reli, ruhusa ikawa leo, kesho. Masika homa ikamchukua bibi. Shangazi alikuja kuzika, akafungua mbeleko, akamwinua mtoto juu ya udongo mbichi. "Mama," akasema, "huyu hapa."

Siku hizi kituo hakipo, mabasi ya Igunga yanapita juu ya lami, na watu huniambia, "Yale yamepita, mama." Yamepita kwa nani? Mtoto yule sasa ana mvi kichwa kizima, na hajui hata bibi yake alikuwa na sauti gani.