Mama Milimita na Alama ya Kugawanya

Jina la Mama Milimita alipewa na mafundi wenzake, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumpunja hata milimita moja, naye akanyamaza. Alianza kama mbeba vioo katika karakana ya watu. Kukata alijifunzia kwenye vipande vilivyotupwa, na alipofungua karakana yake mwenyewe akagundua kwamba mkono haukuwa shida. Shida ilikuwa hesabu. Mteja anataka vioo ishirini na vinne vya madirisha: uagize mashiti mangapi, yale mabamba makubwa ya kioo? Ukiagiza pungufu, kazi inasimama na mteja anakununia.

Akajifundisha kuandika programu. Lugha aliyoichagua ilikuwa huria: haiuzwi, haina tajiri, yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuichokonoa, na mabadiliko yake hujadiliwa hadharani. Hakuipenda kwa mapenzi; aliikagua kama anavyokagua shiti la kioo, akaona haina ufa, akaichukua. Huu ulikuwa mwaka wa tisa, na karakana kumi na mbili zilikuwa zinakata vioo kwa kufuata programu yake.

Ndipo Jumamosi moja asubuhi akasoma kwenye jukwaa la lugha ile kwamba alama ya kugawanya itabadilishwa maana. Siku zote, ukigawanya namba nzima kwa namba nzima, lugha ilikupa namba nzima na kutupa baki: saba kwa mbili, tatu. Sasa walitaka itoe tatu na nusu, eti wanafunzi wanachanganyikiwa. Kura zingepigwa siku hiyohiyo saa tisa. Mwishoni mwa pendekezo palikuwa na sentensi hii: "Tumekagua, na hakuna anayetegemea tabia ya zamani."

"Hakuna?" alisema kwa sauti. "Yaani mimi ndiye hakuna?"

Shemeji yake, mume wa mdogo wake, aliyekuwa akipakia vioo garini, akachungulia. "Karibu chamani, shemeji. Mimi kwa mdogo wako nimekuwa hakuna tangu siku ya harusi."

"Usinichekeshe. Njoo uone."

Alikuwa ameshaweka toleo la majaribio la lugha ile kwenye kompyuta yake. Akaingiza oda ya vioo ishirini na vinne, kila kimoja upana wa milimita mia saba, kutoka kwenye mashiti ya milimita elfu mbili mia nne na arobaini. Shiti moja hutoa vioo vitatu na kipande cha pembeni, kwa hiyo jibu ni mashiti manane. Toleo jipya likasema saba. Halikugoma wala halikuonya. Lilikuwa limehesabu kwamba kila shiti litatoa vioo vitatu na karibu nusu.

"Nusu dirisha ananunua nani?" akauliza Mama Milimita.

"Anayetaka kuchungulia tu," shemeji akajibu, lakini naye uso ulikuwa umeshabadilika. Yeye ndiye angetumwa kurudi kwa muuzaji kulifuata la nane.

Saa tisa akajiunga na mkutano kwa mtandao, vumbi la kioo likiwa bado kwenye mikono. Wapiga kura walikuwa wanane. Aliyeandika pendekezo, ambaye moyoni alimwita Msomi, alizungumza taratibu kama mtu anayesomea watoto.

"Mama, tumepekua hazina yote ya programu zilizowekwa wazi. Tumekuta sehemu kumi na moja tu zinazotegemea tabia ya zamani; ni sawa na hakuna."

"Zangu umezipekua?"

"Zako hazikuwekwa wazi."

"Basi sema hamkuona. Kutoona na kutokuwepo umevifanya kitu kimoja, halafu unanifundisha hesabu?"

Mtu mmoja akacheka, akazima kipaza sauti haraka. Msomi akakohoa. "Kwa heshima, lugha hii unapewa bure."

Hapo damu ikampanda. "Bure? Makosa kumi na manne ya lugha hii nimewaonyesha mimi, kila moja na ushahidi wake. Sura ya vipimo kwenye mwongozo wenu nimeiandika mimi. Mlipoichukua hamkuniuliza kama mimi ni mtu!"

Mwenyekiti, mwanamke mwenye sauti ya usingizi, akaingilia. "Dada yangu, unataka nini hasa?"

Mama Milimita alijua bei yake kabla hajaingia, na hakuwa mtu wa kuitaja kwanza. "Alama ibaki ilivyo. Miaka kumi."

"Haiwezekani," akasema Msomi.

"Mitano."

"Mama, hapa si sokoni."

"Sokoni mtu hukuonyesha anachokubadilishia. Ninyi mmekibadilisha kikiwa mfukoni mwangu." Akavuta pumzi, kisha akashuka mpaka pale alipotaka kufika tangu mwanzo. "Haya, badilisheni. Lakini msiibadilishe kimyakimya. Kwa miaka miwili, mtu akigawanya namba nzima kwa alama ile, programu igome na iseme kwa nini. Ikigoma nitairekebisha. Ikinidanganya nitaagiza saba."

Mpiga kura mmoja akauliza, "Nani ataiandika hiyo migomo?"

"Mimi. Leo."

Kura tano zikakubali, tatu zikakataa. Hakuna aliyemwomba radhi, na sentensi ile ya "hakuna" haikufutwa. Ilisogezwa tu chini ya ukurasa.

"Umeshinda, shemeji," akasema shemeji yake.

"Nimeshinda nini? Nimepewa kazi ya kuzuia madhara yao. Na wewe usiondoke, bado kuna mafundi kumi na wawili wa kupigiwa simu."

Kabla jua halijazama alikuwa ametuma kazi yake, pamoja na maneno ambayo programu ingeyatoa ikigoma: "Alama hii imebadilika maana. Angalia hesabu yako kabla hujakata kitu."

Msomi akayarudisha yakiwa na mstari mwekundu juu ya maneno matatu ya mwisho. "Lugha ya programu haikati chochote," aliandika. "Tuishie kwenye 'hesabu yako'."

Mama Milimita akaufuta mstari, akayarudisha maneno yake. Chini yake akaandika: "Anayekata ni mtu. Ndiye ninayemwandikia."

Mwenyekiti akajibu kwa neno moja: "Yaache." Yakaachwa.