Viwavi Niliowaua kwa Usafi

Mjusi wa jirani yangu akifa, aliyemuua ni mimi, kwa maji safi.

Madamu Espérance, muuguzi aliyerudi kutoka Goma, alikwenda Kigali wiki moja akaniachia mjusi wake mgonjwa na katoni ya viwavi wa hariri, chakula pekee anachokubali. "Mwalimu, unabapatia majani ya mforosadi, basi. We umesoma, utaweza."

Kweli nimesoma. Kila baada ya umuganda, kazi yetu ya pamoja ya mtaa, mimi ndiye ninayewahutubia majirani kuhusu usafi. Ningempaje kiumbe jani lenye vumbi? Niliyaosha yote, nikayatandaza yakichuruzika. Siku ya tatu viwavi wakalegea, wakawa weusi, na mjusi akawakataa. Nikadhani uchafu umebaki, nikaosha mara mbili. Kufikia Ijumaa hakubaki hata mmoja, na Gisenyi nzima hakuna anayeuza viwavi.

Jana nilikuwa nimesimama mkutanoni baada ya umuganda nikisema kila kinacholiwa kioshwe, Espérance akatokea. Alikuwa amepitia kwangu, wa nyumbani wakamweleza habari za mjusi, na sasa amekumbatia katoni. Harufu ilimtangulia.

"Mwalimu, hii majani iko na maji. Uliosha?"

Nikakubali kwa kichwa.

"Bon. Kiwavi akikula jani ya maji, anaoza. Kila mutu kule Rugerero, kwenye nilibanunua, anajua iyo. Na mujusi yangu hajakula siku ine."

Kina mama wa mbele waliinama kuficha nyuso. Kiongozi wa mkutano, kwa adabu zake zote, akaniomba niendelee.